Mwiko wa Mashine ya Hewa

Hamimu alifungua skrubu ya nne, akaiweka kwenye kifuniko cha chupa pamoja na zile tatu, kisha akautoa mtungi wa alumini kwenye tumbo la mashine taratibu, kama anayemtoa mtoto kwenye beseni. Alikuwa fundi wa vifaa tiba, mwenye karakana ndogo nyuma ya stendi ya Bariadi, na mashine za kuzalisha oksijeni zilizowahi kupita mikononi mwake hazikuzidi saba. Aliuinamisha mtungi juu ya gazeti, akautikisa. Punje zilizotakiwa kumiminika kama mtama zilianguka bonge moja, kisha bonge jingine, zimeshikana kama sukari iliyoingia maji.

Akainama, akanusa.

"Dokta, hii mashine mlikuwa mnainywesha dawa? Inanuka mkaratusi."

Mektilda Maganga aliinama naye. Harufu ilikuwa hafifu, lakini aliitambua kabla hata hajaivuta vizuri. Ilikuwa harufu ya chumba cha wazazi wake, harufu ya majani yaliyochemka.

"Mgonjwa mwenyewe anaendeleaje?" Hamimu aliuliza huku akipapasa lile bonge kwa bisibisi.

"Tulimzika siku tisa zilizopita. Ni baba yangu."

Bisibisi ilisimama. "Pole sana, Dokta. Nisamehe. Mdomo wangu huu hutangulia."

"Hukujua."

Asubuhi ile, alipokuwa akiipakia mashine kwenye gari kule kijijini Nkoma, mama yake alimfuata hadi mlangoni, akamshika mkono. "Nenda kaulize ilipatwa na nini," alimwambia. "Na ukirudi usinifiche. Nimeishi naye miaka arobaini na minne, siwezi kulala bila kujua."

Na sasa Mektilda alikuwa amejua.

Wanakijiji walimwita Dokta na kumletea magoti yao na macho ya watoto wao, naye kila mara aliwaeleza kwa upole kwamba udaktari wake ulikuwa wa hewa. Chuoni alikuwa akitengeneza, ndani ya kompyuta, kipande kidogo mno cha madini yaitwayo zeolaiti, yale ya punje za mtungini, yenye vijitundu vingi kuliko sega la nyuki, kisha akakijaza chembe za hewa. Kompyuta ilichagua chembe moja kwa bahati nasibu, ikajaribu kuisogeza, kuiondoa au kuongeza nyingine, ikapima kama hali mpya ingekubalika. Ikarudia hivyo mara mamilioni, hadi ikaonekana ni chembe ngapi zimenata kwenye kuta za vijitundu na ni ngapi zinaelea. Ukiibana hewa, naitrojeni hunata na oksijeni hupita. Ukiilegeza, naitrojeni huachia na kwenda zake. Mashine nzima ya oksijeni imesimama juu ya tabia hiyo moja.

Baba yake, Maganga, ndiye pekee katika ukoo aliyewahi kumsikiliza hadi mwisho. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye kinu cha kuchambua pamba, kinu ambacho sasa kimefungwa na kuota majani, na alivijua vitu vinavyonata. Nyuzi za pamba zilinata kwenye mapaa, kwenye nyusi, kwenye ugali.

"Kwa hiyo chuo kinakulipa uhesabu vumbi la ukutani," alimwambia.

"Hewa, baba. Siyo vumbi."

"Na ikishanata?"

"Tunailegeza, inaachia."

Mzee alikohoa kwa muda, akafuta midomo, akatabasamu. "Basi vumbi langu halikusoma chuo chenu."

Alipoishiwa pumzi kabisa, hospitali ilisema mapafu yake yamekauka na kwamba, kwa msaada wa oksijeni, angeweza kuishi mwaka, pengine miwili. Mektilda alitafuta mashine, akaipata, akaipeleka Nkoma mwenyewe mwezi wa pili, imeviringishiwa godoro. Ilipowashwa na mrija kuwekwa puani, rangi ilirudi kwenye kucha za mzee. Mama yake, Martha, aliizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Ina mwiko gani?" aliuliza.

Kwa Martha hapakuwa na dawa isiyo na mwiko. Hii haikuliwa na chumvi, ile haikuvushwa mto, nyingine haikupaswa kuguswa kabla jua halijatoka. Aliyekupa dawa bila kukupa mwiko wake alikuwa amekupa nusu.

Mektilda alicheka. Hakucheka kwa dharau. Alikuwa anatazama kucha za baba yake, na furaha ilimtoka kwa njia hiyo. "Haina mwiko, mayu. Ifute vumbi tu, na kile kichujio ukioshe kila Jumapili, ukikaushe."

"Kitu kinachompa mtu pumzi kikose mwiko?"

"Hiki kimetoka kiwandani."

"Haya," Martha alisema. "Aliyesoma ni wewe."

Kisha ikaja masika. Jumatano moja mama alipiga simu: taa ya kijani imekuwa ya njano, na mashine inakoroma. Mektilda alikuwa anasahihisha mitihani. Alifikiria vumbi, kwa sababu vumbi ndilo alilolitaja. "Osha kichujio, mayu. Jumamosi nitakuja niitazame." Ijumaa, saa nne asubuhi, Maganga alifariki akiwa ameegemea bega la mkewe, mrija puani, mashine ikinguruma.

Pale karakanani Mektilda aliomba nafasi kwenye benchi, akafungua kompyuta yake. Jibu alilijua. Hata hivyo aliita ule mfano wa zamani, ule wa tasnifu yake, na kwa mara ya kwanza akaweka maji ndani yake. Katika ukurasa wa kumi na tisa wa tasnifu hiyo palikuwa na sentensi moja ambayo wasahihishaji wake wote waliipita bila kutia alama: *Katika kazi hii hewa imechukuliwa kuwa kavu.*

Hamimu alisogea na kikombe cha chai. "Hiyo ndiyo mashine yetu?"

"Ni kipande chake, kidogo kuliko chochote unachoweza kukiona."

"Na hivyo vyekundu?"

"Maji."

Walitazama pamoja. Naitrojeni ilikuwa kama mgeni wa mchana, anakaa ukimkaribisha na kuondoka ukimruhusu. Maji yalikuja na mkeka. Kila chembe iliyofika ilikamata nafasi bora kabisa ukutani na haikuinuka tena, hata Mektilda alipoilegeza hewa hadi karibu na utupu. Katika hewa kavu kipande kile kilibeba naitrojeni arobaini na moja kwa wastani. Baada ya maji zilibaki tano, kisha nne. Hewa iliyotoka upande wa pili ilikuwa karibu sawa na ile iliyoingia.

"Dokta," Hamimu alisema, "wenyewe wakiniuliza, mimi husema kifaa kilichoka. Kuchoka hakuna mwenyewe. Mama atalala."

"Ni kweli?"

"Si uongo mkubwa." Akakwangua bonge gazetini. "Punje mpya zitaagizwa, nitaijaza, itafanya kazi. Kuna mzee mmoja kule Mwamapalala anaisubiri, kama mtaridhia."

Njia nzima ya kurudi Nkoma, kati ya mashamba ya pamba yaliyokuwa yanaanza kupasua vitumba, Mektilda aliibeba sentensi ya Hamimu. Ilikuwa nyepesi. Angeweza pia kusema mapafu yalikuwa yamekwisha, jambo ambalo hata hospitali ingelithibitisha. Angesema lolote kati ya hayo na mama yake angezeeka kwa amani. Isipokuwa kwamba mama aliomba asifichwe, na kwamba katika maisha yake yote Mektilda alikuwa amemficha jambo mara moja tu, bila kujua kwamba anaficha: siku ile aliyocheka.

Martha alikuwa uani, anachambua mchele kwenye ungo. Kando yake, juu ya jiwe, chungu kimoja kilikuwa kimeanikwa mdomo juu.

"Umerudi, ng'wanawane. Imesemaje?"

Mektilda aliketi chini, kwenye mkeka. "Mayu, nianze kukuuliza mimi. Baba ulikuwa unamfukiza?"

"Kila asubuhi tangu mvua zianze. Mkaratusi na mwarobaini. Kifua kilikuwa kinalegea, alikuwa anaitika hata salamu." Martha alipuliza makapi. "Na mashine yenyewe nikaisikia inakoroma. Nikaivuta nikaiingiza chini ya blanketi pamoja naye. Nikasema hawa wawili wanapumua kwa mrija mmoja, mmoja akiwa na mafua mwenzake atapona vipi? Baba yako alicheka humo ndani. Akasema leo ameozwa mke wa pili, na ana joto kuliko wa kwanza."

Alicheka kidogo akikumbuka, kisha akamtazama binti yake, na kicheko kikakatika.

"Kumbe ni hilo."

Mektilda alitaka kusema kifaa kilichoka. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

"Mashine ilikuwa na mwiko, mayu," alisema. "Mwiko wake ni mvuke. Maji yakiingia mle ndani hayatoki, na hewa inakosa pa kushika. Nilikuwa naujua. Niliuandika kitabuni, kwa namna ya watu wa vitabu, kisha nikausahau. Wewe uliniuliza nami nikakwambia hakuna."

Martha aliweka ungo chini. Hakulia. Alinyoosha mkono, akakishika kile chungu kwa mdomo, akakitazama ndani kwa muda mrefu, kama aliyedondosha kitu humo.

"Nilikuuliza," alisema hatimaye.

"Uliniuliza."

"Na mikono iliyochemsha ni hii."

"Mikono hiyo ilifuata maneno yangu."

"Usinibebee yote, Mektilda. Mzigo huu nina sehemu yangu, na sehemu yangu naitaka." Alikirudisha chungu kwenye jiwe, safari hii amekifudikiza. "Fundi ataitupa?"

"Ataitengeneza. Kuna mgonjwa Mwamapalala."

"Ana mke?"

"Sijui, mayu."

"Atakuwa naye. Nani angemwangalia?" Martha alipangusa viganja kwenye khanga. "Lete karatasi. Andika kwa Kiswahili chepesi, na chini yake kwa Kisukuma, kwa herufi kubwa. Fundi aigundishe juu ya mashine, siyo nyuma. Andika: *Msiifukize. Msiifunike. Mkimfukiza mgonjwa, izimeni, itoeni nje, irudisheni chumba kikishakauka.*"

Mektilda aliandika. Alikosea neno la pili, akalikata, akaliandika upya. Alipomaliza alimsomea mama yake mara mbili, na mara ya pili Martha alifuata kwa midomo bila sauti.

Walikaa. Mchele ulibaki ungoni. Kuku mmoja alikaribia, na hakuna aliyemfukuza.

"Ile Ijumaa," Martha alisema, "mashine ilikuwa inanguruma. Ndani ya mrija palikuwa na nini?"

"Hewa ya kawaida, mayu. Ile ile ya chumbani. Ilikuwa inaingia na kutoka kama ilivyo."

"Yenye mkaratusi."

"Yenye mkaratusi."

Martha alitikisa kichwa taratibu. "Alikuwa akiipenda ile harufu," alisema, na hapo ndipo alipofunika uso kwa khanga.