Kusomeana Nyaya

Kwa maelezo ya jirani, na jirani huyo hakubandikwa jina la Redio bure, Fundi alikuwa amekaa kiti kimoja na mwanamke. Redio alipoona uso wa msikilizaji wake umebadilika, akarekebisha: viti viwili, ila vimesogezwa mpaka miguu ya viti inagongana. Mbele yao kompyuta. Fundi kashika karatasi anasoma, mwanamke anafuata kwenye skrini na kujibu. Wakimaliza ukurasa, wanacheka.

"Mimi nilikuwa nadeki tu, shoga yangu," Redio alisema, maana ndiye anayefanya usafi katika ofisi walimokuwa wamekaa. "Sikutaka kusikiliza. Lakini deki ilikuwa imefika palepale, ningefanyaje?"

"Anasoma nini?" mke wa Fundi aliuliza.

"Najua mimi? Nyaya. Shemeji anasema, 'Waya wa tisa, kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye swichi.' Yule anajibu, 'Upo.' Unakuja mwingine, 'Upo.' Mambo ya kazi hayo, wala usiyatie moyoni."

Redio angesema kawaona wameshikana mikono, mke angeumia kisha angeuliza maswali. Lakini hilo la "upo" lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, hakuweza hata kuaga vizuri.

Karakana yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Mke alichora michoro ya saketi kwenye kompyuta, mume akaunga paneli za umeme kwa kuifuata michoro hiyo. Na kabla waya wowote haujakatwa, walikuwa na desturi yao: Fundi anasoma kwa sauti kutoka kwenye karatasi, waya mmoja mmoja, mke anautafuta kwa kidole kwenye skrini, akiuona anasema, "Upo." Hata uchumba wao ulianzia hapo. Walikuwa katikati ya mchoro wa pampu ya kisima, kijana wa watu akasoma bila kuinua macho, "Waya wa kumi na nne, kutoka kwangu kwenda kwako." Binti aliuhangaikia kwenye skrini kweli kweli, juu na chini, kabla hajashtuka. Kisha akajibu, "Upo."

Sasa ilikuja kazi kubwa ya kiwanda cha maji, wakaigawana na ofisi ile anayodeki Redio. Wao walikuwa na programu yao ya kuchorea, kule wana ya kwao, na programu hizo hazisikilizani. Ilibidi mchoro ugeuzwe kuwa faili la kati ambalo zote mbili zinaweza kulifungua. Faili lilipofunguliwa kule, mistari ilikuwepo yote, lakini haina majina, na vile vinukta vinavyoonyesha kwamba nyaya zimeungana vilikuwa vimedondoka njiani. Nyaya zilizopishana tu zikafanana na nyaya zilizoshikana. Kuunga paneli kwa mchoro wa namna hiyo ni kualika moto. Ikabidi mtu aende na karatasi za asili, akasome.

"Nitakwenda mimi," Fundi alisema. "Wewe una michoro ya kumalizia, mke wangu."

Mwanzoni alikwenda na ovaroli lake. Siku hizi alikuwa anapiga shati pasi.

"Mmefika wapi?" mke alimuuliza jioni ile, wakila.

"Ukurasa wa mota."

"Mwenzako anasoma haraka?"

"Ninayesoma ni mimi."

"Najua anayesoma ni nani."

Fundi akaomba chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yake.

Mke hakugomba. Alikuwa mtu wa kutazama jambo mpaka lichoke lenyewe na kujionyesha. Aliifungua michoro yake, akabonyeza mstari mmoja, akabonyeza mwingine, akatazama kompyuta inasema nini juu yake. Haikusema kitu. Ndipo alipoona. Miaka yote aliandika namba ya waya pembeni ya mstari, maandishi tu, ya kusomwa na macho ya Fundi. Waya wenyewe hakuwahi kuupa jina. Vinukta navyo alivichora kama duara dogo, akalijaza wino. Kwa kompyuta hayo yote yalikuwa mapambo. Asingeweza kugundua mapema, kwa sababu kila mara palikuwa na mtu wa kumsomea.

Akaanza upya. Kila waya aliubonyeza kama anayemfinya mtu shavu, akautia jina lake ndani yake, kila kiungo akakiweka kiungo cha kweli. Mgongo ukamuuma, akaendelea. Alipomaliza, akageuza faili, akalituma, akakaa na simu mapajani.

Mchoraji wa kule, yule mwanamke wa kiti cha pili, akapiga mwenyewe.

"Dada, limefunguka zima. Majina yote, viungo vyote. Kompyuta imelinganisha yenyewe, hata sisi hatuna cha kufanya. Umetusaidia sana. Mwambie Fundi asijisumbue tena kuja."

Sauti ilikuwa changa na ya heshima, sauti ambayo mtu anatamani kuichukia na hapati pa kuishikia.

"Nitamwambia," mke akajibu.

Akamwambia. Fundi alikuwa ameinamia paneli. Akasema, "Vizuri," akaendelea kukaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakazika.

Asubuhi mke alimkuta anapiga pasi shati la bluu.

"Unakwenda wapi?"

"Napita kule mara moja."

"Kule hakuna cha kusoma."

"Najua."

Mke akaenda karakanani, akachapa ukurasa wa kazi inayofuata, akarudi nao ungali na joto la mashine. Akauweka juu ya meza, karibu na mkono wa shati.

"Leo baki, mume wangu," akasema. "Nisomee huu mmoja tu."

Pasi ikapita kwenye kola, ikarudi, ikapita tena palepale.