Jabali Lililotunza Mapigo

Mteja alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono ameinyoosha, akipimwa kifua, ngumi ilipomfikia. Ilimpata kwenye taya la kushoto. Aliyumba, akaangukia meza ya kukatia vitambaa, akabaki ameikumbatia huku damu ikimtoka mdomoni. Fundi aliwahi kuvuta satini ya bibi harusi iliyokuwa pale mezani, maana damu ikishaingia kwenye satini haitoki, kisha akampa mteja tambara la kujifutia na kiti cha kukalia.

"Pole," alimwambia. "Unajua ni ya nani?"

"Itakuwa ya shemeji. Tuligombania kiwanja." Mteja alitema damu kwenye tambara. "Lakini si tulishapatana jamani! Juzi tu tumekula pamoja."

"Basi ni ya kabla hamjapatana."

Alimngoja apate pumzi, akampima upya. Shingo ilikuwa ileile, kwa sababu taya likivimba halibadilishi kola.

King'ora cha mgodini kilikuwa kimelia muda mfupi kabla ya hapo, na mlipuko ukafuata, kama kila siku saa sita mchana. Mji mzima ulikuwa umeshazoea. Kikilia, waokaji waliweka chini sinia za moto, kinyozi aliondoa wembe shingoni mwa mtu, na mama waliobeba watoto walikaa kitako. Kisha jabali lilipasuka na kila mwenye pigo lake akalipata.

Tangu enzi za mababu, mtu wa mji ule akishikwa na hasira ya kumpiga mwenzake, alipanda jabalini. Alilipiga jabali kwa mkono, kwa fimbo, kwa chochote alichokusudia kumpigia yule mwenzake, akamtaja, akashuka. Jabali lilitunza. Mtu alirudi nyumbani mwepesi, anaulizia chakula. Si kwamba walikuwa malaika. Walichukiana barabara, pengine kuliko watu wa kwingine, ila vyombo vya ndani vilidumu na wanawake walizeeka na meno yao. Sharti lilikuwa moja tu: ulichokipeleka juu hukisemi chini. Hata mume na mke hawakuulizana.

Sharti hilo ndilo lililowaponza. Kampuni ilipokuja kutafuta shaba, iliitisha mkutano kwenye ukumbi wa shule, kama sheria ilivyotaka. Mpimaji ardhi, kijana mpole mwenye buti safi, aliuliza kama kuna mtu yeyote mwenye kitu chake chochote kwenye jabali lile. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Kila mtu alikuwa na kitu chake kule, na kila mtu alikuwa amekaa karibu na yule aliyemkusudia. Mwalimu mkuu alitazama viatu vyake. Mwokaji alimtazama kaka yake, kisha akatazama dari. Fundi alikuwa amekaa na mumewe bega kwa bega, na mumewe alikuwa amemshika mkono, naye fundi akanyamaza. Mpimaji aliuliza tena, akasubiri kwa adabu, akaandika kwamba hakuna. Watu wazima wale wote, midomo yao mizima, waliuza jabali lao kwa aibu.

Mlipuko wa kwanza uliwakuta hawajui. Mwokaji alipoteza jicho palepale mbele ya tanuri. Mwalimu mkuu alipigwa teke la mgongo akabiringika ngazi zote za shule mbele ya wanafunzi. Bibi kizee mmoja alichapwa makofi na mama yake mzazi, aliyekuwa amekufa zamani, na alilia kama mtoto kwa sababu kila kofi alikumbuka sababu yake. Mapigo yaliyokusudiwa waliokwisha kufa yalikwenda makaburini. Mawe ya makaburi yalipasuka na udongo ukaruka. Zahanati ilijaa. Jioni yake walioumizwa walianza kuulizana ni nani, na aliyejulikana alipigwa, safari hii kwa mkono wa kweli, kwa kuwa njia ya jabalini ilikuwa imeshawekewa senyenge na walinzi hawakumruhusu mtu kupita bila kofia ngumu.

Mume wa fundi ndiye aliyekuwa akilipua. Wenzake walimwita Baruti. Ilikuwa kazi nzuri, ya kwanza aliyodumu nayo tangu aache pombe, na alitoboa mashimo na kuyajaza kwa utulivu wa mtu anayepanda mahindi. Upande wa kusini ulipokwisha, kampuni ilimwambia aanze bega la mashariki.

Siku aliyosema habari hiyo walikuwa mezani, yeye, mkewe na mama yake mzazi, ambaye aliishi nao.

"Baba watoto," fundi alisema, "bega la mashariki usilitoboe."

"Kuna nini?"

"Kuna panga."

Baruti aliweka kijiko chini. "La nani?"

"Langu."

"La nani kwa nani?"

"Langu kwako."

Hakuuliza sababu. Mtoto wao wa kwanza alikufa kwa homa katika nyumba ileile, wakati yeye ameondoka na pikipiki kwenda kilabuni na mkewe hana cha kumpeleka mtoto hospitali. Aliporudi alikuta wamekwisha kumfunika. Mkewe hakumwambia neno. Aliondoka tu, akarudi jua likizama, akawasha jiko.

"Wapi?" Baruti aliuliza.

"Shingoni."

Aliokota kijiko. "Mimi langu kwako lilikuwa kusini," alisema. "Kofi tu, wakati ule tumeoana. Lilishatoka. Siku ile uliyong'oka jino."

"Mimi nikadhani ni la mama."

"La kwangu bado," mama mkwe alisema, akaomba chumvi.

Fundi alifika jabalini kwa kumfuata mumewe zamu ya asubuhi, amevaa kofia ngumu ya kuazima. Alipata pale mahali, mkato mrefu wenye kutu kidogo, akaweka kiganja, akasema amemsamehe, zamani sana, na kwamba anampenda. Alisema kwa sauti, walinzi wakisikia. Jabali lilibaki na mkato wake. Kufuta haikuwa kazi yake.

Baruti alikwenda kwa meneja, akamweleza wazi, akakataa kutoboa.

"Sikatai kwamba kuna panga, mzee wangu," meneja alisema, akamvutia kiti. "Vipimo vyetu vinaonyesha kuna vitu vingi tu mle. Tatizo ni kwamba shaba nayo imo humohumo."

"Kwa hiyo mniue?"

"Nani kataja kuua? Panga ni la mkeo. Sisi tunachimba shaba."

Akamwachisha kazi siku hiyohiyo, kwa upole, na kumtakia kila la heri.

Ndipo watu walipopanda. Walikata senyenge wakakaa juu ya bega la mashariki. Mtu angetarajia waje waliopigwa, lakini wengi wao walikuwa waliopiga, wale waliojua wameacha nini pale na kwa ajili ya nani. Mwokaji, na jicho lake moja, alikalia pigo la gogo alilomwekea kaka yake. Mwalimu wa kike wa darasa la kwanza alikalia pigo la jiwe alilomwekea mama yake. Kukaa pale kulikuwa kukiri mbele ya mji mzima, nao wakakiri, na kaka na mama wakaja wakakaa nao. Fundi alikaa juu ya mkato wake. "Hapa nilimkata mume wangu," alisema, na mumewe aliyekuwa ubavuni kwake akaitikia, "Ndiyo, ni hapa." Laiti wangesema hivyo ukumbini.

Askari walifika na malori. Walisoma tangazo, wakasubiri kidogo, wakaanza. Walitumia virungu vya kawaida, na maumivu yake yalifika papo kwa papo. Mwokaji alipigwa hadi akasahau jina la kaka yake aliyekuwa akimlinda. Mwalimu yule wa kike aliburutwa kwa nywele juu ya changarawe, na ngozi ya mgongo ikabaki pale. Fundi alivunjwa mkono wa kulia, ule wa mkasi. Alisikia mfupa ukilia kabla hajausikia uchungu. Baruti alimlalia mkewe, wakampiga yeye mpaka wakachoka, kisha wakawatupa wote wawili kwenye lori juu ya wengine. Hakuna aliyepanda tena. Kampuni ilileta mlipuaji kutoka mbali, asiye na mtu wa kumchukia pale.

Siku ya bega la mashariki, fundi chuma wa mtaani alimtengenezea Baruti kola kutoka kwenye pipa la lami, nene, yenye bawaba nyuma. Ilimbana akazungumza kwa shida. Alikaa kwenye kiti cha wateja katika chumba cha kushonea. Mama yake alimshika bega. Mkewe alipiga magoti mbele yake, mkono mmoja umefungwa bendeji, wa pili ndani ya viganja vya mumewe.

King'ora kikalia.

"Nilishakusamehe," fundi alisema. "Siku nyingi."

"Najua, mama watoto. Ungekuwa hujanisamehe, mboga zisingekuwa tamu vile."

Mlipuko ulitikisa vioo. Panga lilipita kwenye chuma bila kukigusa. Kola ilibaki nzima, na ndani yake shingo ikafunguka hadi mfupa. Damu ilimpiga fundi usoni, ya moto, akaendelea kumshika mumewe viganja hadi vikaacha kumshika yeye. Kisha alilia. Alipiga kelele mtaa mzima ukasimama, na mama mkwe akajibwaga sakafuni, akakumbatia miguu ya mwanawe. Alimpenda mume yule, hilo lazima lisemwe, kwa sababu mahakamani halikusemwa.

Inspekta alikuja alasiri. Aliangalia kidonda, akapima urefu wake. "Pigo ni la nani?"

"Langu," fundi alisema.

Walimtia pingu kwenye mkono uliokuwa mzima, na ule mwingine wakauacha kwenye bendeji.

Kesi haikuchukua muda, kwani hapakuwa na ubishi. Meneja alitoa ushahidi kwa heshima zote, akaleta ramani iliyoonyesha mahali panga lilipokuwa, akaeleza kwamba kampuni ilikuwa imeuliza kwenye mkutano na mshtakiwa alikuwepo na hakusema. Aliwapa pole wafiwa. Kisha akaomba ruhusa ya kuondoka mapema, kwa sababu saa sita walikuwa na mlipuko, na ruhusa akapewa.

Mama mkwe alisimama bila kuitwa.

"Mimi ndiye niliyemtuma jabalini," alisema. "Nilimwona anatafuta panga. Nikamwambia, mwanangu, lipeleke juu, uniachie huyu mtoto wangu. Akaniachia. Miaka yote hiyo aliniachia. Waliolitoa kule ni hawa."

"Kwa hiyo panga lilikuwa lake," hakimu alisema.

"Lilikuwa lake."

"Asante, mama. Kaa."

Hakimu alivaa miwani akaanza kusoma hukumu. Alisoma kuhusu kukusudia, na kuhusu jinsi muda mrefu kati ya kusudio na kifo usivyopunguza uzito wa kosa. King'ora kikasikika kwa mbali. Karani alishika kidau cha wino, askari wakaegemea ukuta, mshtakiwa akafumba macho. Mlipuko ulipokwisha, kitu kizito kilimpata hakimu kwenye paji la uso, kichwa kikarudi nyuma na kugonga kiti, na damu ikamshuka puani hadi kwenye karatasi. Mtu mmoja katika viti vya nyuma alitazama viatu vyake.

Hakimu alishika ukingo wa meza, akangoja macho yatulie. Akajifuta kwa kiganja, akamuuliza karani alikuwa amefikia wapi. Karani alimwonyesha kwa kidole, naye akaendelea kusoma kuanzia pale.