Kopo Chini ya Giaboksi

Pastory alikuwa ameshapita Mwandiga, anarudi kambini, kiatu chake cha kushoto kilipojaa mafuta. Alisimamisha pikipiki kando ya barabara, akamwaga kiatu kama mtu aliyenyeshewa, akageuza kurudi mjini. Pikipiki ilikuwa kuukuu, na pikipiki kuukuu huvuja. Kilichomkera ni harufu. Mguu ulinuka maandazi.

Alikuwa mtunza stoo ya chakula kambini, miaka ile Warundi walipokuwa wakivuka mpaka na magodoro kichwani. Makopo ya mafuta ya kula yaliingia stoo kwa mlango wa mbele, na mengi yakatokea wa nyuma mpaka soko la Mwanga, yameandikwa ubavuni kwamba hayauzwi. Yaliuzwa. Mwanga nzima ilikaangia mafuta hayo, na kila aliyetaka kulalamika alikuta midomo yake inang'aa.

Fundi wake alikuwa Selestini wa Katubuka, mkimbizi mwenye kibali cha kukaa mjini. Kibali aliombewa na Pastory, na Pastory angeweza kukifuta kwa neno moja. Mke wa Selestini, Margareta, alikuwa bado kambini na mtoto mchanga asiyenenepa. Walichokula wale wawili kilitoka kwenye spana za Selestini. Kwa hiyo pikipiki ile aliishika kwa adabu kuliko zote.

Alifungua kifuniko cha sproketi, gia inayovuta mnyororo, akachovya kidole, akanusa, akaonja. Mafundi wengi wa mjini walikuwa wakitia mafuta ya msaada kwenye giaboksi, maana oili ya gia ilikuwa ghali, na baadaye gia zikasagika. Alidhani ni hilo. Akamwaga yote, akatia oili nyeusi mpya, akabadilisha sili ya nyuma ya sproketi, mpira unaozuia oili isivuje, akakata gasketi kwenye boksi la sabuni, akafunga. Ikaanza kutona. Mafuta ya manjano, safi, ya kula.

"Bosi, nimetia nyeusi. Inatoka hii."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo si sili."

Pastory akaisukuma hadi kwa Leonardi, fundi mzaliwa wa hapo, ng'ambo ya barabara. Kwa Leonardi ikawa kavu kama jiwe la kunolea. Wakairudisha, ikatona. Selestini akaenda kunywa maji, ikakauka. Akarudi huku anajifuta mdomo, ikachuruzika. Wakarudia hivyo kidogo, kama watu wanaojaribu swichi ya taa. Nzi walikuwa wamekwisha kufika.

Skolastika, mkaangaji wa samaki migebuka sokoni, alikuwa amefuata makopo yake. Alitazama, akatua kapu.

"Inamtambua mwenye mafuta," alisema, akakinga chupa.

Pastory alimgeukia fundi wake. "Basi ubovu ni wewe. Kesho urudi kambini, pikipiki yangu ipone."

Selestini alitazama mikono yake. Kurudi kambini kulikuwa kwenda kukaa na mke na mtoto wasubiri watatu mgawo ambao ulikwisha kaangiwa samaki. Ndipo aliposema maneno ambayo baadaye, kila yalipomrudia, alitema mate.

"Haitapona, bosi. Hapa inaniona mimi peke yangu. Kule wenye mafuta ni kambi nzima, itamwaga njia yote. Niache nikufungie kopo, yasipotee."

Pastory alicheka mpaka akakohoa. "Umenona akili, Mrundi."

"Ego, bosi," Selestini aliitikia ndiyo kwa Kirundi, na akachukua kopo tupu la msaada, akalikata, akalitundika chini ya giaboksi kwa vyuma vya kitanda kibovu. Lilikaa vizuri. Maandishi yalitazama nje.

Siku ya mgawo Pastory alipita na pikipiki katikati ya kambi, polepole, mstari kwa mstari wa vibanda. Watu walitoka kumwamkia. Wazee walisema amekuwa na utu, siku hizi anatembelea watu. Kopo likajaa, akabadilisha, likajaa jingine. Margareta alijua mafuta yanayong'aa pale chini ni ya nani. Alimbeba mtoto, akasogea na kikombe. Giaboksi ikamwaga kwa nguvu kuliko mahali pote. Pastory akapiga honi, mama apishe njia, akapita na kopo lake.

Skolastika aliyasifu yale ya giaboksi. Alisema hayana mchanga kama ya stoo, na samaki hawagandi kwenye kikaango.

Pastory alihamishiwa kambi kubwa zaidi, akaenda na pikipiki. Skolastika alijenga Mwanga, nyumba ya bati jipya. Leonardi alijifunza kufunga makopo, na watunza stoo wengine wakawa wateja wake. Mtoto hakufika masika. Alizikwa nyuma ya vibanda. Margareta alirudi Burundi kwa lori la kwanza, bila kupitia mjini kuaga. Kibali cha Selestini kiliongezwa kila kilipokwisha. Alikula vya kuchemsha tu, na majirani wa Katubuka wakasema ana vidonda vya tumbo. Pikipiki ilipokufa, mnunua vyuma chakavu aliifungua giaboksi. Ndani mlikuwa na oili nyeusi, imejaa hadi alama yake, na sili aliyoiweka Selestini ilikuwa nzima.