Ngamia Aliyegeuzwa

Ugbad alimgeuza ngamia Jumanne asubuhi, kwa kubofya mara moja tu, mkono wa pili ukiwa umeshika kikombe cha chai. Mwalimu wao wa usanifu, Mutiso, bwana mmoja kutoka Machakos asiyeweza kuona kitu bila kukikosoa, alikuwa ameinamia laptop ya Ugbad muda mrefu.

"Ngamia wenu anaondoka," alisema. "Anaangalia kulia, anatoka nje ya jalada. Mgeuze aangalie ndani. Jina la msanii liweke hapo mbele ya pua yake."

Ugbad akabofya. Ngamia akatazama kushoto, jina likapata nafasi ya kupumua, Mutiso akatabasamu kwa mara ya kwanza muhula mzima. Kazi ya mwaka wa mwisho ilikuwa video ya wimbo mmoja pamoja na vifungashio vya albamu nzima. Kwa kuwa siku hizi hakuna mwenye mashine ya kuchezea CD, Ugbad alibuni kasha la karatasi ngumu lenye flashi ndani. Albamu iliitwa Kiu. Mwimbaji alikuwa Mahat, mwanafunzi mwenzake, kijana mwenye sauti nzuri na maringo mengi, mpigaji wa kaban, ile ala ya nyuzi ambayo Waswahili huiita udi. Picha waliipiga kwenye malisho ya njia ya Balambala, Mahat akiwa amesimama na ngamia wa Bare, baba yake mdogo, aliyemlea tangu alipofiwa na baba.

Tatizo ni kwamba Ugbad ni mtoto wa mjini, wa mtaa wa Waberi pale Garissa. Babaye anauza vitambaa. Ngamia yeye anamjua akiwa maziwa ndani ya jagi au nyama juu ya wali. Kwenye shingo ya ngamia aliiona alama ya moto, mistari miwili na duara, akaipenda, akaiongezea mwanga mpaka ikang'aa kama imechomwa jana. Laiti angemuuliza mchungaji yeyote, hata mtoto wa miaka saba, angeambiwa kwamba alama si mchoro tu, alama ni mchoro na mahali pake. Watu wa Bare humchoma ngamia upande wa kulia wa shingo. Watu wa mzee Alio, ambao babu yao na babu wa kina Bare walikuwa ndugu, huchoma alama hiyo hiyo upande wa kushoto. Na watu wa Alio walikuwa wamevamiwa mwaka uliopita, ngamia kumi na mmoja wakachukuliwa, na Awil, kifungua mimba wa Alio, akauawa kwa risasi akiwafuata wezi. Waliofanya hivyo hawajajulikana hadi leo.

Mahat angeweza kuliona kosa. Lakini alipoonyeshwa jalada alitazama uso wake tu. "Noma sana, Ugbad," alisema, "nimetokelezea." Basi mabango yakachapwa, yakabandikwa kwenye maduka ya simu, yakasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, na mji mzima ukamwona Mahat akicheka huku ameshika kamba ya ngamia mwenye alama upande wa kushoto.

Alhamisi saa nne asubuhi walikuwa kwenye chumba chao cha kazi pale Waberi, wakipanga video. Ukutani walikuwa wamebandika michoro arobaini na miwili, kila mchoro onyesho moja: birika kavu, mkono unaochimba mchanga, Mahat akibeba mtungi mtupu. Walikuwa wakibishana kama mchoro wa thelathini uje kabla ya kiitikio au baada, Mahat akipiga nyuzi taratibu kumsaidia mpiga kamera ahesabu sekunde, mlango ulipopigwa teke ukagonga ukuta.

Aliyetangulia alikuwa Abdiwahid, mtoto wa kiume pekee aliyembakia Alio, jitu la miaka ishirini na tano na rungu mkononi. Nyuma yake aliingia Alio mwenyewe, mzee mwembamba mwenye ndevu za hina, bango la Kiu limekunjwa kiganjani. Mpiga kamera alitorokea dirishani, na simlaumu.

"Waryaa, wewe, ndugu yangu alikufa vipi?" Abdiwahid aliuliza.

Mahat hakuelewa swali. Alifungua kinywa, na rungu likampata hapo hapo. Jino liliruka likagonga laptop. Kaban ilianguka, Abdiwahid akaikanyaga ikapasuka, kisha akamkamata Mahat shingoni akamsukuma ukutani mpaka michoro ikabanduka ikiwa na damu. "Ndugu yangu alikufa vipi? Ulikuwepo? Alisema nini?" Kila swali lilikuja na pigo lake, la mbavu, la bega, la goti. Mahat alipoinua mkono kujikinga, rungu lilitua kwenye vidole. Ugbad alisikia vikivunjika.

"Anacheka!" Alio alisema, akilikunjua bango. "Amesimama na ngamia wangu, anacheka, na mwanangu yuko kaburini."

Ugbad alilitazama bango lile mkononi mwa mzee. Kidole cha Alio kilikuwa juu ya alama. Hapo ndipo Ugbad alipoelewa: alama upande ule ilikuwa ya mzee, na aliyeipeleka upande ule ni yeye.

"Adeer, mzee wangu, upande!" alipiga kelele. "Ni upande! Mimi ndiye niliyemgeuza! Wallahi, ngamia ana alama kulia, mimi nimegeuza picha!"

Abdiwahid alisita, rungu juu. Ugbad alivuta laptop yenye damu, akafungua picha ya awali, akamwekea mzee mbele ya macho. Ngamia yule yule, Mahat yule yule, alama upande wa kulia.

Alio alitazama bango, akatazama laptop, akarudi kwenye bango.

"Ipi ya kweli?" aliuliza.

"Hii ya kompyuta, adeer."

"Ulimgeuza mara moja kwa kidole."

"Ndiyo."

"Basi unaweza kumgeuza mara mbili." Alifunga laptop polepole. "Nikingoja mpaka kesho utanionyesha na ya tatu. Picha zako sizitaki, binti. Nataka ngamia."

Ugbad alikuwa amesomea picha miaka mitatu, na mzee asiyejua hata kuwasha kompyuta alikuwa amezimaliza zote kwa sentensi moja. Mahat alifungwa mikono mgongoni, kamba ikapitishwa shingoni, akatupwa nyuma ya pikapu kama gunia. Ugbad aliparamia akaketi naye. Abdiwahid alitaka kumshusha, lakini Alio alisema mwache, mwongo na aende akashuhudie. Bunduki ilitolewa ndani ya gunia walipouacha mji nyuma.

Hadi malisho ya Bare ni mwendo wa saa moja na nusu wa vumbi na mashimo. Mahat alipumua kwa kinywa, na kila shimo lilimtoa mlio. "Niambie alama iko kulia," Ugbad alimnong'oneza. "Niambie una hakika."

"Iko kulia." Alitema damu. "Ugbad, uligeuza kwa nini?"

"Jina lako halikutosha."

Mahat alimtazama kwa jicho lililobaki wazi, na Ugbad angependa atukanwe kuliko kutazamwa vile.

Asichojua yeyote kwenye pikapu ni kwamba mpiga kamera, baada ya kutua salama nje ya dirisha na kujificha mpaka pikapu ilipoondoka, alikuwa amempigia Bare simu. Alimwambia alichokiona: Alio kamchukua mwanao, anamfuata ngamia wa bangoni, damu imejaa ukutani. Habari za picha iliyogeuzwa hakuzisikia, basi hakuzisema. Bare aliwaambia wachungaji waondoke, akamwacha yule ngamia peke yake kwenye birika akinywa maji, kisha akalala nyuma ya kichuguu na bunduki yake.

Alio alisimamisha gari mbali kidogo na birika. Bunduki aliiacha kitini. Lazima hili lisemwe kwa haki yake: mzee alimwendea ngamia mikono mitupu, akimwita taratibu kwa ulimi, na ngamia akainua kichwa akamngoja. Alimpapasa shingo upande wa kushoto. Manyoya yalikuwa mazima, hakuna kovu la zamani wala jipya. Akazunguka. Upande wa kulia vidole vyake vilifuata mistari miwili, vikafuata duara, vikarudia tena. Akaegemeza paji la uso kwenye ngozi ya ngamia.

"Subhanallah," alisema. Kisha akageuka akamwita mwanawe kwa sauti iliyochoka. "Abdiwahid! Si wetu. Mfungue kijana wa watu. Mfungue haraka, tumedhulumu."

Ugbad alianza kulia kwa furaha. Abdiwahid alimshusha Mahat akampigisha magoti mchangani, kwa upole safari hii. Fundo la shingoni lilikuwa limekaza kwa damu iliyoganda, vidole havikuweza kulifungua, basi akachomoa kisu. Akamshika Mahat nywele ainue kichwa, asimkate. Akainama.

Kutoka nyuma ya kichuguu, Bare aliona kisu kwenye koo la mwanawe.

Mlio ulikuja baada ya Abdiwahid kukaa chini. Alikaa tu, kama mtu aliyechoka, kisu bado mkononi, akajitazama chini ya mbavu ambako shati lilikuwa likibadilika rangi. Ngamia alikimbia. Alio alifika garini kabla ya vumbi kutulia, na alipogeuka alikuwa na bunduki, na Bare naye alikuwa amesimama wima, na baina ya midomo ya bunduki hizo mbili walikuwepo Mahat, Abdiwahid na Ugbad.

Ugbad alivua shungi lake, akalikunja, akalisukuma ndani ya jeraha kwa mikono miwili. Damu ilikuwa ya moto kuliko alivyodhani. "Alikuwa anakata kamba!" alimpigia Bare kelele. "Alikuwa anamfungua! Adeer Bare, alikuwa anamfungua!" Kisha kwa Alio, bila kugeuza kichwa: "Na wewe ukimpiga naye akakupiga, nani ataendesha? Mimi sijui kuendesha! Mwanao atakufa hapa ukiwa unalipiza!"

Mahat, kamba bado inaning'inia shingoni, alijisogeza kinyumenyume akaikata ya mikononi kwenye kisu kilichokuwa bado mkononi mwa Abdiwahid, akatambaa, akaweka mkono wake mzima juu ya mikono ya Ugbad, akabonyeza kwa uzito wake wote. Bare alimwona mwanawe akimzuia damu mtu aliyemvunja vidole. Bunduki yake ilishuka mpaka ikagusa mchanga, na yeye akashuka nayo, akashika kichwa.

Walimpakia. Bare alinyanyua miguu, Alio mabega, bila kutazamana. Mahat alipotaka kubaki, Alio alimzuia kwa mtutu wa bunduki kifuani.

"Wewe unapanda. Mwanangu akifika Garissa mzima, na wewe utafika. Akikata roho njiani, nitasimamisha gari na utamfuata. Bare, ukinifuata, nitasimamisha mapema zaidi."

Alio aliendesha kama kichaa, bunduki mapajani. Kioo cha nyuma cha pikapu kilikuwa kimevunjika zamani, sauti zilipita bila shida. Ugbad na Mahat walipiga magoti pande mbili za Abdiwahid, mikono mitatu mizima, wakibonyeza.

"Maji," Abdiwahid alisema.

"Hapana, ndugu. Ukifika."

Alimtazama Mahat. "Mkono wako," alisema.

"Nyamaza. Usimalize pumzi."

"Nilidhani ni wewe."

"Najua. Nyamaza."

"Anaendeleaje?" Alio aliuliza kutoka mbele.

"Anaongea, adeer," Ugbad alijibu, na ilikuwa kweli.

Mbuzi walitawanyika barabarani. Wanawake wenye mitungi walisimama kutazama. Abdiwahid alianza kusoma shahada, midomo ikienda bila sauti, na Ugbad aliisoma pamoja naye kwa kuhofia asiimalize. Aliimaliza. Kifua kilipanda, kikashuka, kikapanda nusu. Ugbad alingoja. Chini ya viganja vyake, ule msukumo mdogo wa damu uliokuwa ukimjibu tangu birikani ulikuwa umenyamaza.

Alimtazama Mahat. Mahat naye alikuwa ameshajua. Uso wake uliovimba ulikuwa mweupe kwa vumbi. Alianza kuondoa mkono. Ugbad aliukamata akaurudisha mahali pake, akaukandamiza. Akayafumba macho ya maiti kwa kiwiko, kwa kuwa viganja havikuweza kuondoka.

"Anaendeleaje?"

"Anapumua, adeer. Endesha."

Mungu wangu, alisema moyoni, hii niandikie mimi peke yangu.

Gari lilizidi mwendo. Alio alikuwa akilia sasa, ilisikika kwenye sauti, ingawa hakugeuza kichwa. "Abdiwahid, vumilia. Mama yako bado hajui lolote, tutamwambia pamoja. Mimi ndiye niliyekuambia ufungue kamba, unasikia? Hukukosea. Kosa ni langu." Akapangusa uso kwa mkono wa shati. "Binti, mwambie. Labda hanisikii kwa upepo. Mwambie baba yake anasema hakukosea."

Ugbad aliinama mpaka kinywa kikagusa sikio lililoanza kupoa, akayasema maneno yale yote kwa sauti, moja baada ya jingine, bila kuruka.

"Amesikia?"

Mji ulikuwa bado nusu saa mbele. Mahat alifunga macho.

"Amesikia, adeer," alisema Ugbad.