Kitakwimu, Olima Ana Ajira

Kila Jumatano saa tisa alasiri Everlyne alipanda kichuguu kilichokuwa nyuma ya jiko la mama yake, kijijini Nyarero, akaegemeza simu kwenye sufuria lililopinduliwa, akaingia darasani. Nyumbani kwao, pale tu ndipo mtandao uliposhika. Somo lilikuwa Utangulizi wa Uchumi Jumla, chuo kilikuwa Mwanza, na mwalimu Stanslaus aliita majina kabla ya kuanza, maana wengi walikuwa na tabia ya kuwasha simu na kwenda zao shambani.

Jumatano ya kwanza aliita majina ishirini na matatu. La ishirini na nne lilikuwa Olima Oyoo.

"Nipo, mwalimu," ikajibu sauti ya baba yake Everlyne.

Olima alikuwa chini ya duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, la Ryoba, mwaka wa pili sasa. Matimba, ile miti inayozuia kuta za shimo zisianguke, yalikuwa ya mkaratusi mbichi kwa sababu Ryoba aliona miti migumu ni gharama ya bure. Yalivunjika siku ya tatu ya mvua, shimo likamfukia Olima pamoja na Mboje, mwanamume wa Shinyanga aliyekuja kufuata dhahabu kama maelfu wengine. Simu ya Olima ilikuwa mfukoni. Alipokuwa hai alimwombea binti yake nafasi chuoni kwa namba hiyo, na chuo, ambacho hakikuwahi kufuta namba ya mtu, kikamwandikisha na yeye.

"Shikamoo, baba," Everlyne alisema.

"Marahaba. Andika tarehe."

Rispa, mama yake Everlyne, alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Muulize kama wamekula."

Hawakuwa wamekula, lakini hawakuwa na njaa. Mtandao wa huko chini, Olima alisema, ulikuwa mzuri kuliko wa Nyarero. Rispa akarudi kusonga ugali.

Ryoba hakuwa amewafukua. Alisema kufukua kunataka mashine, na mashine ilikuwa kazini. Baada ya siku arobaini alifungua duara jipya, hatua hamsini kutoka pale. Wazee wa ukoo walingoja, wakachoka, wakafanya wafanyavyo Wajaluo mtu wao anapopotea na mwili usionekane: walikata yago, lile tunda refu la mwegea, wakalivika shati la Olima, wakalizika upande wa kulia wa nyumba, panapostahili mwenye mji. Ndugu wa Migori walivuka mpaka kuja kulia. Ryoba naye alikuja, akalipiga kaburi picha kwa simu yake, akala nyama, akaenda zake. Tangu siku hiyo, kila alipoulizwa habari za kufukua, alitoa ile picha. Mtu hazikwi mara mbili, alisema.

Mtendaji wa kijiji, Nashoni, hakukubaliana naye. Serikali, alisema Nashoni, haiandiki kifo cha tunda. Hakuna maiti, hakuna kibali cha mazishi. Hakuna kibali, hakuna cheti. Kwa hiyo kwa Ryoba Olima alikuwa ameshazikwa, kwa Nashoni alikuwa hajafa bado, na kati ya waungwana hao wawili hakuna aliyeshika sururu. Inatia hasira hata kuisimulia, kwa sababu wote wawili walikuwa wakilala vizuri.

Wiki ya tano walifika kwenye ukosefu wa ajira.

"Mwenye ajira," mwalimu Stanslaus alieleza, "ni yule mwenye kazi, hata kama wiki hii hakuonekana kazini kwa sababu ya ugonjwa, likizo au hali ya hewa."

"Mwalimu, nina swali," Olima alisema. "Na mtu ambaye kazi yenyewe imemwangukia?"

"Alifukuzwa?"

"Hapana."

"Aliacha mwenyewe?"

"Hata. Hatukupata nafasi ya kuacha."

"Ana cheti cha kifo?"

"Wamekataa kunipa."

Stanslaus alikuwa mtu mwangalifu. Alifungua mwongozo wake, akasoma kimya, akarudi nyuma ukurasa mmoja, akasoma tena. "Basi kitakwimu una ajira, mzee Olima."

"Na Mboje?"

Mboje hakuandikwa popote. Ryoba hakuwa na daftari la wageni, kijiji hakikumjua, na kwao Shinyanga walidhani amehamia Geita. "Huyo hayumo kwenye nguvukazi," Stanslaus alisema. "Sitaki kuwadanganya. Hayumo kwenye kitu chochote."

Ikasikika sauti ya Mboje kwa mbali, akiomba mwalimu arudie ile fomula.

Kesho yake asubuhi Everlyne aliichukua simu hadi ofisini kwa Nashoni, akaiweka juu ya meza. Aliona amepata dawa. Baba mwenyewe angejieleza, basi ubishi ungekwisha. Olima alimsalimia mtendaji kwa jina, wakaulizana habari za watoto, kisha akaeleza: wako mita kumi na mbili chini, mkono wa kushoto, Mboje amelala juu ya miguu yake.

Nashoni alisikiliza hadi mwisho. "Sasa binti, umeniharibia," alisema. "Mtu anaongea hivi, nitaandikaje amekufa?"

"Basi yu hai. Tuma watu wakamtoe."

"Aliyezikwa? Mwenye duara ana picha. Mlimzika wenyewe, na nyama nikala mimi pia."

Everlyne alitamani kumpiga kwa kiti. Hakumpiga. Mpaka leo anajutia.

Wiki ya tisa mwalimu alionyesha mchoro wa ukuaji wa uchumi. Mstari wa madini ulikuwa umepanda kuliko yote, akawataka wanafunzi watoe maoni.

"Nausikia unavyopanda, mwalimu," Olima alisema. "Uko hapa mkono wangu wa kushoto."

Kumbe duara jipya la Ryoba lilikuwa limekata kona kufuata mwamba wenye dhahabu. Wachimbaji waliwasikia Olima na Mboje ukutani Jumatatu ya wiki ile. Walikuwa vijana wenye adabu. Kila asubuhi waligonga mwamba, wakasema shikamoo, Olima akaitika marahaba na kuwaonya wasipige sana upande ule, una ufa. Kati yao palikuwa na mita mbili.

Everlyne alikwenda kwa Ryoba mara tu somo lilipokwisha. Alimkuta anakunywa chai na chapati.

"Mita mbili tu, mzee Ryoba. Wamewafikia."

"Mita mbili za mwamba mtupu," Ryoba alisema. "Watu wangu wachimbe siku tatu mahali pasipo na kitu? Muulize huyo mwalimu wako, atakwambia hiyo ni hasara."

Everlyne hakuwa na haja ya kuuliza. Kitu hicho kilikuwa kwenye sura ya kwanza, na kilikuwa na jina zuri: gharama ya fursa.

Aliporudi nyumbani na kusema, Rispa alivua aproni, akachukua jembe. Choo chao kilikuwa na kina cha mita tatu na alikuwa amekichimba mwenyewe, akiwa na mimba. Alitembea mpaka machimboni, Everlyne nyuma yake na simu. Mlinzi alimzuia mdomoni mwa duara. Mwanamke haingii, alisema, akiingia dhahabu inakimbia.

"Na ikimbie!" Rispa alisema. "Ikimbie yote! Iende huko ilikotoka, mimi namtaka Olima."

Walimnyang'anya jembe. Akaketi chini palepale, kwenye kifusi, akaanza kumwita mume wake kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Olima alimpigia Everlyne kusema kwamba anamsikia vizuri, kupitia ukutani, na amwambie mama asikaukiwe koo. Wachimbaji walituma ujumbe juu wakimwomba apunguze sauti, hawasikilizani. Rispa hakupunguza.

Jioni kazi ilifungwa. Viroba vya mawe vilivutwa kwa kamba kimoja kimoja na kupitishwa mbele ya magoti yake kwenda kusagwa. Rispa alikishika kila kiroba, akakibonyeza kwa mikono yote miwili kama anayemtafuta mtu ndani, na mlinzi hakumkataza. Vilikuwa kumi na tisa, na vyote vilikuwa mawe.