Maji ya Maziwa

Kule kwetu Walikale majirani walisema binti yangu Euphrasie amenona. Nami nilisema hivyo, tena kwa majivuno, mpaka alipoacha kucheza, akaacha kulia, akaacha hata kufukuza nzi usoni. Hapo mke wangu Léontine akambonyeza mguu, na shimo la kidole likabaki palepale. Tukambeba mpaka zahanati moja ya Masisi. Ilikuwa mwaka wa hamsini na tatu.

Muuguzi wa pale, Evode, alimtazama akasema, "Papa Hubert, huyu hakunona, alivimba. Hii yote iko maji."

Dawa ikaja ndani ya kikombe: maji ya njano, mepesi, yanayobaki wazungu wa shamba la ng'ombe la jirani wakishagandisha maziwa kuwa fromaji, ile jibini yao. Kwa kawaida waliwapa nguruwe. Hasira zikanipanda.

"Mutoto iko na maji mingi, na weye unamuongezea maji? Tena ya nguruwe?"

"Haiko maji tu, Papa. Ndani mule muko chakula ya kujenga nyama ya mwili. Tumbo inaivunja-vunja, inakuwa vipande kidogo sana, vinapita mu matumbo, vinaingia mu damu. Njo mwili unajijenga. Damu ikipata nguvu, ile maji ya kuvimba itatoka."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuelewa hata kidogo. Mimi ni mwindaji. Nyama naijua, ina manyoya na inakimbia. Nyama gani hii inayojificha ndani ya maji? Mgonjwa haulizwi uji, sawa, lakini na baba yake asiulize?

Tukamnywesha kijiko kwa kijiko. Akaanza kukojoa, mikeka ikalowa kila asubuhi. Mashavu yakaanguka. Miguu ikawa vijiti. Neno la Evode likanirudia kichwani: inaivunja-vunja. Kumbe kinachovunjwa ni mtoto wangu!

"Mufunge ku mugongo," nilimwambia Léontine. "Tuende kwetu, mbele hajaisha yote."

Léontine alilia, hajui amwamini nani, lakini akamfunga. Evode akatukuta mlangoni na kikombe mkononi.

"Papa, ngoja. Maji njo imetoka. Mutoto wako wa kweli njo huyu."

"Mutoto wangu alikuwa munene!"

Nikampita. Léontine akanifuata. Tulikuwa tumeshafika njiani niliposikia kilio mgongoni mwake, kilio kikali cha mtu aliyeonewa. Euphrasie alikuwa amegeuka, mkono kaunyoosha nyuma, kwenye kikombe.

"Papa, njala!"

Sauti ile nilikuwa nimeanza kuisahau. Nikarudi, nikakichukua kikombe kwa Evode, nikamnywesha mwenyewe yale maji ya nguruwe, nikilia mbele za watu, bila kuelewa lolote.

Alipomaliza, nzi mmoja akatua mdomoni mwake. Akamfukuza.