Usingizi wa Mtoto wa Fundi Bati

"Baba, hilo benchi limekukosea nini?" muuguzi aliuliza, faili kwapani.

Fundi Bati akautazama mkono wake. Kumbe vidole vilikuwa vimeifungua nati ya mguu wa benchi na sasa vinaikaza upya, vyenyewe, bila kutumwa.

"Lilikuwa linayumba," akajitetea.

"Unayumba wewe. Kaa."

Akakaa. Makalio hayajapata joto, akainuka tena. Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa palepale, rangi yake kama maziwa yaliyochacha. Umemmeza binti yake, mtu ambaye hata jino la tatu hajamaliza kuliota, na wala hauonyeshi dalili ya kumtapika.

Mwisho wa benchi mkewe alikuwa amejikunyata, mbeleko tupu mapajani. Tangu alfajiri mtoto alikatazwa kunyonya, na maziwa yalikuwa yamemjaa mama hadi yanauma, lakini halalamiki. Huko kutolalamika ndiko kulikomchoma mumewe. Mke akikugombeza, unajua pa kujificha. Akikunyamazia, utajificha wapi?

Na maneno mkewe alikuwa nayo, tena ya haki.

Nyumba yao na karakana viligawana ukuta mmoja. Upande huu kitanda, upande ule nyundo: ndoo, makarai, masanduku, yote yakipigwa kuanzia asubuhi mpaka jua lichoke. Majirani walishaziba madirisha yao kwa magodoro mabovu. Katikati ya vurumai hiyo mtoto analala fofofo, mate yanamchuruzika, na baba yake hana pa kuweka majivuno. Aliwaita wateja wachungulie.

"Wenu wakisikia bawaba tu, nyumba nzima inakesha. Mtazameni huyu! Damu ya bati hiyo. Nyundo ndiyo bembelezo lake."

Akampa na cheo kabisa: Bibi Tulivu.

Mama ndiye aliyeanza kukunja uso. "Nimemwita kwa nyuma, hageuki."

"Anaringa. Kamrithi mamaye."

Wakacheka wote wawili. Baadaye mke akasema tena, mbele ya wateja: "Nikimwimbia hana habari, mpaka auone mdomo wangu."

"Basi jifunze kuimba."

Wateja wakavunjika mbavu. Safari hiyo mke hakucheka. Aliingia ndani, akachukua sinia la bati, akaliachia sakafuni nyuma ya kisogo cha mtoto. Paka akapaa dirishani. Fundi mwenyewe, aliyezaliwa kwenye makelele, aliruka. Bibi Tulivu akaendelea kutafuna kijiko chake.

Nyundo haikulia tena siku ile.

Asubuhi hii daktari wa masikio, mama mfupi mwenye mikono midogo, aliwaeleza taratibu. Nyuma ya ngoma ya sikio kumejaa maji mazito kama gundi. Atatoboa kitundu, ayavute maji, apachike kimrija kidogo kuliko punje ya mchele. Huku na huku, masikio yote mawili. "Ni kazi ndogo," alisema.

Kazi ndogo! Hizo ndizo zinazoaibisha fundi. Tena yeye kutwa anaziba matundu. Ndoo ikivuja, inarudishwa na matusi juu. Leo ametia saini mwanawe atobolewe.

"Na maji yakitoka, halafu bado hasikii?"

Daktari hakumpaka mafuta. "Basi tatizo litakuwa ndani zaidi, na hapo hadithi ni nyingine. Tutajua akiamka."

Sasa akaenda dirishani, akarudi, akaenda. Mwishowe akasimama mbele ya mkewe.

"Mama Tulivu, nitukane."

"Hospitalini?"

"Hata kwa kunong'ona."

Mkewe akamtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Nikianza kukutukana nitalia, na nikilia maziwa yote yatamwagika, mwanao akose. Kaa." Akaivuta mbeleko, akamwachia nafasi. "Na mara ya kwanza hata mimi nilicheka."

Hilo lilimuuma kuliko tusi lolote.

Mlango ukafunguka. Mtoto alitoka mikononi mwa muuguzi, analia kwa sauti iliyokauka, kila mkono unapigana na sikio lake. Mama hakusubiri kuambiwa. Akampokea, akampa ziwa, kilio kikakatika. Daktari akafuata, barakoa imeshuka kidevuni.

"Maji yametoka, tena mengi. Mirija imekaa vizuri."

"Anasikia?"

"Dawa ya usingizi bado inamlevya. Mpe muda. Na wewe baba, shusha mikono. Usimpigie makofi masikioni."

Kweli, mikono ilikuwa imeshainuka. Akaishusha, akaikalia.

Toroli la mashuka likapita kwenye ujia, gurudumu moja kavu linalalamika: kwiii, kwiii. Bibi Tulivu akaachia ziwa. Kichwa kikageuka.

"Ameona mashuka," Fundi akasema haraka, kama mtu anayezuia mlango usifunguke. "Meupe yale. Ameyaona tu."

"Ngoja," mkewe akamwambia.

Toroli likakata kona, likapotea machoni. Mlio wake ukaendelea kule kusikoonekana, ukizidi kuwa mwembamba, kwiii, kwiii. Mtoto hakurudi kunyonya. Tone la maziwa likaning'inia kidevuni mwake, macho ameyakodolea kona tupu, na baba yake hakuthubutu hata kumeza mate.